Foleni ya Kitabu cha Kumi na Mbili

Jumamosi asubuhi Régis alimkuta mama yake jikoni amekwisha vaa koti na viatu vya mvua, akimimina kahawa katika chupa ya chai ya marehemu baba yake. Alijua mama anakwenda wapi, na tangu jana alikuwa amejiandaa kumzuia. Tatizo ni kwamba yeye alikuwa bado na nguo za kulalia, na si rahisi mtu wa nguo za kulalia kumshinda kwa maneno mtu aliyekwisha funga vifungo vya koti.

Akakata mkate, akaupaka shira nzito ya peasi, akaanza na goti. Goti la mama lilikuwa halijapona. Nje kulikuwa na manyunyu. Na foleni yenyewe ya nini? Ya kitabu cha katuni. Watu wazima na akili zao wanasimama barabarani mchana kutwa ili wachorewe punda. Mama yake, Ghislaine, alimsikiliza huku akikaza kifuniko cha chupa. Alipomaliza, akamjibu kwamba aliahidi. Mumewe Hubert alipokuwa hospitalini, sauti imebaki ya kunong'ona, hakusema habari za mazishi wala za nyumba. Alisema Novemba kitatoka cha kumi na mbili, kile cha mwisho, na akamwomba amsimamie foleni.

"Basi nenda," Régis alisema. "Lakini mchoraji asiandike jina. Mwambie achore tu."

Hilo walikuwa wamekwisha kulizungumza. Mtambo wa kupasha nyumba joto uliharibika Oktoba, na tangu hapo walikuwa wakila chakula cha jioni wamevaa sweta mbili mbili kama watu wanaosubiri treni. Jumatatu angekuja Bwana Pirotte, mnunuzi wa vitabu vya katuni vya zamani, achukue rafu nzima ya juu. Kwa simu Pirotte alisema kwamba vitabu vyote kumi na viwili vya Isembar Muuza Chumvi, kila kimoja na mchoro wa mkono wa mchoraji mwenyewe, ni mali ya kuondoa baridi katika nyumba. Ila mtu akiandikiwa jina juu ya mchoro, mali inapungua. Nani anataka kununua kitabu alichoandikiwa shangazi wa mtu mwingine?

Régis alimhakikishia kwamba vitabu ni safi. Baba yake, fundi wa lifti wa mji mzima wa Liège, alinunua kila kitabu nakala mbili, kama walivyofanya mashabiki wenzake wote. Moja ilikuwa ya kusoma, na hizo Régis alizisoma utotoni mpaka majalada yakang'oka. Ya pili ilikuwa ya kwenda nayo foleni. Ikichorewa, inavishwa plastiki, inapanda rafu ya juu, basi. "Hizi hazifunguliwi mpaka kitoke cha mwisho," Hubert alikuwa akisema, na ndani ya nyumba ile hakuna aliyewahi kutamani kuzifungua. Ghislaine alizipangusa vumbi kwa nje, kila Ijumaa, kama anavyopangusa saa ya ukutani.

Sasa alikishusha kitabu cha kwanza, akakitia mkobani pamoja na chupa. Hubert alikuwa na desturi ya kwenda na cha kwanza amwonyeshe mchoraji, kwa heshima.

"Plastiki usiiguse," Régis alisema mdomo umejaa mkate.

Ghislaine akafunga mlango.

*

Duka lilikuwa nyuma ya jumba la michezo ya kuigiza, na foleni ilikuwa imetoka mlangoni, imepita duka la samaki, imekunja kona. Sheria ni kwamba unanunua kitabu ndani kwanza, kisha unatoka nacho kusubiri zamu. Ghislaine alinunua, kikatiwa katika mfuko wa karatasi, akaenda kusimama mwisho wa watu. Alikuwa ametarajia vijana. Alikuta vipara, mvi, bwana mmoja mwenye tai, na mama mmoja aliyekuja na mto wa kukalia ukutani.

Mbele yake alisimama Odon, dereva wa basi mstaafu kutoka Seraing, masharubu yameloa manyunyu. Nyuma yake alikuwa Violaine, muuguzi, miwani minene na sauti ya mtu aliyezoea kuamsha wagonjwa. Katikati ya hao, nusu ndani ya foleni na nusu nje, alikuwa Wim, Mflemi wa lugha ya Kiholanzi, aliyepanda treni alfajiri kutoka Leuven na aliyesema Kifaransa kwa uangalifu, kama mtu anayeruka madimbwi. Walikuwa wakijuana kwa miaka, na walikuwa wakibishana tangu kabla hajafika. Kufika kwake hakukuwakatiza.

Violaine alikuwa akimsema mchapishaji. Kitabu kile kile kimetolewa kwa nguo tatu: cha kawaida, kikubwa kisicho na rangi, na kingine chenye picha ya ziada yenye nambari, ili mtu mmoja anyonywe mara tatu. Alimgeukia Wim akamuuliza amenunua vipi. Wim akakiri kwamba amenunua vyote vitatu. Odon akacheka hadi akakohoa, akasema kwa watu kama Wim wachapishaji hawatajifunza adabu mpaka kiama. Zamani, alisema, kitabu kilitoka, ukakisubiri kingine, na katikati ukapata muda wa kukipenda. Siku hizi kila wiki vinamwagwa madukani hadi vingine vinarudishwa ghalani havijatoka hata kwenye maboksi, na mchoraji aliyekaa na kitabu miaka miwili anaambulia pesa ya kununulia penseli nyingine. Halafu anakaa kwenye kiti mchana kutwa kutuchorea bure, Violaine akadakia, na sisi ndio tunaomwumiza mkono.

"Mimi mkono wake sijamwumiza," Odon alisema. "Mimi huomba kofia tu ya Isembar. Kofia ni mstari mmoja."

"Mwaka juzi ulimwomba farasi."

"Farasi mdogo."

Kisha wakaingia katika jambo ambalo, kwa jinsi walivyolishika, lilikuwa la zamani kati yao: mchoraji akifa, je, mchapishaji aruhusiwe kumwajiri mwingine aendeleze hadithi? Wim aliona si vibaya, mradi mkono uwe mzuri. Odon alisema mkono wa mgeni ni mkono wa mgeni. Aliyekufa amekufa, penseli yake izikwe naye. Ghislaine alitazama ncha za viatu vyake. Aliifungua chupa akanywa kahawa, ingawa hakuwa na kiu.

Tangu Agosti alikuwa na neno moja la kuwajibu watu. Majirani, yule wa duka la mkate, mtu wa benki: wote aliwaambia kwamba Hubert hayupo. Na kweli hayupo. Neno lile jingine alimwachia Régis alishughulikie, pamoja na karatasi za bima.

*

Kabla ya adhuhuri mwenye duka, Colette, alitoka akipita mtu hadi mtu na vipande vidogo vya karatasi. Kila mtu anaandika jina lake, anakichomeka kipande kwenye ukurasa wa kwanza mtupu, ili mchoraji asihangaike na herufi. Colette alikuwa akirudia sharti lile lile njia nzima: Wauthier safari hii hachori pasipo jina, na mwenye jina awe amesimama foleni mwenyewe. Amechoka kukutana na michoro yake minadani.

Alimpa Ghislaine kipande na kalamu. Ghislaine akavitazama, akavirudisha.

"Mimi sina jina la kuandika," alisema. "Asijisumbue. Achore tu."

Alisema kwa upole, kama mtu anayekataa sukari ili asimtaabishe mwenyeji. Ubishi ulikatika mbele na nyuma. Odon aliyatazama mawingu. Yule mama mwenye mto akauvuta mto wake karibu. Colette alimwambia, bila ukali ila bila tabasamu, kwamba basi atapata sahihi peke yake, kama wale wote wa namna yake, akaendelea na safari yake ya karatasi.

"Wa namna gani?" Ghislaine aliuliza.

Ni Violaine aliyemjibu. Walanguzi, alisema, walikuwa wakija wenyewe. Walipofahamika sura wakaanza kutuma wajomba zao. Sasa wametufikia kwa bibi zao. Maneno ni hayo hayo siku zote: achore tu, asijisumbue na jina. Kesho asubuhi mchoro wa bure uko sokoni, na mzee aliyechora hapati hata kikombe cha supu.

Ghislaine alihisi uso unamwaka. Lililomwumiza zaidi ni ukweli wake. Pale kwenye kona, mbele ya watu wanaonusa samaki na wino, alikuwa kweli ametumwa.

"Mwache, Violaine," Odon alisema. "Labda hajui desturi."

"Basi tumuulize jambo dogo. Madamu, yule punda wa Isembar, jicho lake moja lilipoteaje?"

Ghislaine alikumbuka punda. Alikisoma kitabu cha kwanza mara moja, walipokuwa hawajamaliza mwaka wa ndoa, amelala kifudifudi kitandani, Hubert akimtazama aone atacheka wapi. Alicheka palipostahili. Alipofika mwisho akauliza cha pili kiko wapi, akaambiwa bado kinachorwa, labda baada ya miaka miwili. Alikirusha kile kitabu kikagonga kabati. Alisema yeye hana miaka miwili ya kumsubiria punda. Toka siku hiyo hakusoma tena hata ukurasa, na Hubert hakumlazimisha.

"Punda ana macho mawili," alisema.

Violaine alifungua mikono kuwaonyesha wote, kama wakili aliyemaliza kesi. Watu walicheka kidogo. Lakini Wim hakucheka.

"Katika cha kwanza alikuwa nayo mawili," alisema polepole.

"Nani anakumbuka cha kwanza?"

"Ninacho hapa," Ghislaine alisema, na kwa hasira akakitoa mkobani. Wim alivuta pumzi kwa ndani. Ilikuwa chapa ya kwanza kabisa, plastiki yake haina mkunjo. Violaine akasema bila shaka anacho, mlanguzi akikutuma hakutumi mikono mitupu. Hapo ndipo Ghislaine, ambaye aliambiwa asiiguse plastiki, alipoingiza ukucha pembeni akaichana kutoka juu hadi chini.

Ilitoka sauti katika foleni kama vile amemwangusha mtoto. Wim alifumba macho. Ghislaine akafungua jalada ili awaonyeshe punda na macho yake mawili, wamwombe radhi. Hakufika kwenye hadithi. Kwenye ukurasa wa kwanza, ule mtupu, Isembar alikuwa amechorwa kwa wino akivua kofia, punda nyuma yake akichungulia begani, na chini yao palikuwa na mwandiko wa haraka haraka: Kwa Ghislaine, ambaye hapendi kusubiri.

Aliisoma. Akaisoma tena. Manyunyu yalianza kudondokea ukurasa, Odon akasogeza mwavuli wake, na alipousogeza na yeye akasoma.

"Ghislaine ni nani?" Violaine aliuliza. Sauti ilikuwa imeshuka.

"Ni mimi."

Odon alivua kofia. "Ghislaine wa Hubert? Hubert wa lifti?"

Na kwa ghafla watu waliokuwa wamempa mgongo wakageuka kumtazama kama mtu waliyemwona kwenye picha. Yule mama wa mto aliambiwa, naye akamwambia aliye mbele yake. Hubert! Mwenye kigoda cha kukunja! Aliyetengeneza lifti ya hoteli siku ile ya Namur, mchoraji akiwa ndani! Odon alikuwa akitabasamu hadi masharubu yakapanda, akinyoosha shingo kutazama kona. Yuko wapi mwenyewe? Anatafuta pa kuegesha gari? Masika hakumwona kwenye maonyesho ya vitabu Brussels, akadhani amemnunia kwa ajili ya bahati nasibu ya viti vya mbele.

Ghislaine alifungua mdomo aseme hayupo. Wale watu wangelielewa vibaya, wangeendelea kumsubiri.

"Hubert amekufa," alisema. "Agosti."

Ni neno fupi. Alishangaa jinsi lilivyotoka bila kumwangusha. Odon aliishika kofia yake kwa mikono miwili, akaizungusha kidogo kidogo kama usukani. Violaine alivua miwani akaipangusa, akaivaa, akaivua tena. Mlango wa duka ulifunguka, foleni ikasogea, na wote wakasogea nayo hatua mbili kwa sababu hakuna namna nyingine ya kufanya katika foleni.

*

Ni Odon aliyemweleza. Hubert hakuwahi kuchorewa kitabu kwa jina lake. Vyote ni vya Ghislaine. Hubert alisema mkewe alisoma cha kwanza akakirusha ukutani, na kwamba huyo ndiye msomaji anayemtaka, mtu anayerusha. Kwa hiyo angevikusanya. Siku kikitoka cha mwisho angevishusha vyote, aviweke mezani mbele yake, aseme: haya sasa, hakuna kusubiri tena. Miaka yote hiyo walimtania. Walimwambia mchoraji ni mvivu, mtazeeka. Alijibu kwamba mke wake hajui kuzeeka.

"Mwongo," Ghislaine alisema. Alikuwa akicheka, na pua ilikuwa ikivuja.

Violaine alimpa leso. Akaomba radhi kwa njia ya watu wa aina yake, yaani alimwuliza kwa nini anasimama hivyo na goti linamwuma, akamwamuru mama mwenye mto atoe mto. Kahawa ya chupa ikazunguka. Mazungumzo yakarudi taratibu, kwanza kwa heshima, halafu kama kawaida. Wakamsema mchapishaji tena. Wakamzungumzia Mado, mke wa Wauthier, aliyepaka rangi vitabu vyote hivyo na jina lake likawekwa kwenye jalada kuanzia cha tisa tu; Violaine alikuwa akiandika barua ya malalamiko kila Krismasi, na alikuwa na hakika kabisa kwamba ni barua zake zilizofanya kazi. Bila Mado, alisema, milima ile yote ingekuwa theluji juu ya theluji.

Kisha Odon akakumbuka kwamba yeye na Hubert waliwekeana dau. Wauthier ameua kila mtu katika hadithi ile: ameua watawa, ameua mpishi, ameua mabwana wawili wa vita na mke wa mwenye mnara. Odon alisema katika kitabu cha mwisho punda atakufa, hilo halina mjadala. Hubert alisema punda ataishi. Atakayeshindwa atamlisha mwenzake mipira ya nyama na chipsi, sahani ya wenye njaa. Wim alisema punda afe, ndiyo haki ya sanaa. Violaine alisema akifa, barua ya Krismasi mwaka huu itakuwa ndefu. Wakaanza kuhesabiana dalili, kengele ya jalada la saba, kivuli cha jalada la kumi, wote wamekumbatia vitabu vyao vipya ndani ya mifuko ya karatasi.

Ghislaine aliwatazama mmoja mmoja. Walikuwa watu wazuri, ila hapo hakuwaelewa.

"Sasa mnabishana nini," alisema, "na kitabu mnacho mkononi?" Akatoa chake mfukoni, akakigeuza, akafungua ukurasa wa mwisho. "Huyu hapa. Anakunywa maji."

Foleni nzima iliguna, kuanzia pale hadi kwenye duka la samaki, mguno mmoja mrefu. Bwana mwenye tai aliziba masikio akiwa amechelewa. Wim alikaa kwenye ukingo wa barabara. Hakuna shabiki anayefungua kitabu kipya foleni. Kinafunguliwa nyumbani, mikono imeoshwa, simu imezimwa. Na wote walikuwa wamengoja mwisho ule kuliko walivyongoja pensheni.

"Nimekosea?" Ghislaine aliuliza.

"Miaka thelathini," Violaine alisema. "Madamu, miaka thelathini."

"Peke yake, au na Isembar?" aliuliza mtu wa mbali, akipigwa kelele na wenzake anyamaze.

Lakini Odon alikuwa ameegemea ukuta akicheka bila sauti, mabega yanaruka, machozi yakishuka hadi kwenye masharubu. "Amenishinda," alisema. "Mshenzi yule amenishinda, tena amemtuma mke wake."

*

Lucien Wauthier alikuwa mzee mwembamba, mkono wa kulia umefungwa kitambaa kwenye kifundo. Mado alikaa kando yake na visahani vya rangi. Ghislaine aliweka mezani kitabu cha kwanza, kimefunguliwa penye mchoro, na juu yake cha kumi na mbili. Mlangoni alikuwa ameomba kipande kingine cha karatasi, akakiandika kwa kalamu ya Violaine.

Mzee alitazama mchoro wake wa ujana kwa muda. Akamwonyesha Mado. Kisha akachukua karatasi, akasoma.

"Hubert," alisema. "Ghislaine ndiye wewe, au siyo?"

"Ndiyo. Vile kumi na kimoja ni vyangu. Hiki ni chake."

Colette alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Sharti alikuwa amelirudia mwenyewe tangu asubuhi mbele ya watu wote. Aliuliza, kwa sauti ya mtu ambaye angependa asingeuliza, kama mwenye jina yupo kwenye foleni.

Ghislaine alikuwa amejiandaa kulisema lile neno mara ya pili. Odon akamwahi kutoka nyuma ya bega lake.

"Yupo," alisema. "Amesimama nasi siku nzima, na anasubiri chipsi zake."

Colette aliwatazama, Odon na masharubu yake, Violaine aliyemkazia macho ya wodini, Wim mwenye matope ya barabara kwenye suruali. Akakohoa, akaenda kupanga vitabu vilivyokuwa vimepangwa tayari.

Huku Odon akimsimulia lile dau la punda, Wauthier alichora polepole, akipumzisha mkono kila baada ya mistari michache. Alimchora punda mwenye jicho moja, kichwa kimeinama mtoni. Alipomaliza, Mado alivuta kitabu bila kuombwa, akachovya brashi, akatia maji yale buluu, na ndani ya maji, chini ya mdomo wa punda, doa dogo la manjano, kama taa iliyowashwa mbali. Akamwambia rangi bado mbichi, asikifunge.

Ndiyo sababu watu wa basi la kwenda ng'ambo ya mto walimwona mama wa makamo amekaa wima, kitabu wazi kwenye viganja viwili kama sinia la mayai, hakubali kukiweka hata alipotafuta tiketi. Mtu mmoja alimtafutia.

*

Régis alikuwa amewasha jiko la umeme na kuwasha mishumaa ya kupashia viganja. Aliutazama mchoro, akakubali kwamba ni mzuri. Halafu akasoma chini yake: Kwa Hubert, aliyejua.

"Mama. Tulikubaliana nini?"

"Shusha na vile vingine."

"Na hiki cha kwanza umekifanya nini? Plastiki iko wapi?"

"Régis. Vishushe."

Alivishusha. Ghislaine akachukua mkasi, akavichana kimoja kimoja juu ya meza ya jikoni, na kila alipofungua jalada Régis alisoma kwa sauti, mwanzoni kwa uchungu wa mtu anayeona mtambo wa joto ukitoka mlangoni. Kwa Ghislaine. Kwa Ghislaine, bado kidogo. Kwa Ghislaine, mumewe ananisumbua. Kwa Ghislaine, pole, mwaka huu niliugua. Alipofika cha sita alikuwa hasomi tena kwa sauti.

"Atasema nini Pirotte?" aliuliza mwishowe.

"Mpe kahawa, anatoka mbali. Mwambie vitabu vina mwenyewe. Sweta tunazo."

Régis aliguna. Alikaa kidogo akizikusanya plastiki, akizikunja bila sababu. Halafu akasema kwamba kazini kuna mtu anayejua mitambo ya aina ile, si fundi hasa, ila ana mikono, na pengine anaweza kuja kuutazama. Ghislaine alisema amwite. Alikuwa amekwisha vaa miwani na kukivuta kitabu cha kwanza karibu na taa.

Alisoma. Palipostahili kuchekwa akacheka, na Régis akainua macho kutoka kwenye viazi alivyokuwa akimenya. Cha pili kilikuwa pale pale, karibu na kiwiko. Alinyoosha mkono tu. Baada ya kurasa kadhaa akasimama, akarudi nyuma kwenye picha moja, akaitazama kwa karibu.

"Huyu punda bado ana macho mawili."

"Ahaa, bado," Régis alisema, na kisu kikasimama juu ya kiazi. Sura yake ilikuwa ya mtoto aliyesoma mpaka majalada yakang'oka. "Hilo linakuja cha nne. Wanafika kwenye mnara, sasa yule mpishi..."

Ghislaine aliinua kiganja.

"Nyamaza," alisema. "Mwisho ninaujua. Haya ya katikati niachie."